Habari za Hans Nielsen Hauge, Mtu Aliyetoka Kifungoni

Katika sharika zetu wako watu waliokaa kifungoni miaka mingi, kisha wakafunguliwa wakarudi kwao. Siku ya kurudi ndugu hufurahi, hupika chakula kingi, na majirani huja kusalimu. Lakini siku zikipita wengi hushangaa wakiona ya kuwa mtu huyu si kama yule waliyemjua zamani. Hunyamaza muda mrefu, huchoka upesi, hushtuka mlango ukigongwa, na kazi yake ya zamani imemshinda. Ndipo wengine huanza kunong'ona ya kuwa amekuwa mvivu, au kwamba imani yake imepoa. Kwa ajili ya jambo hili tumeona vema kuwaeleza maisha ya Hans Nielsen Hauge wa nchi ya Norwei. Kuhubiri kwake husimuliwa mara nyingi katika makanisa ya Kilutheri. Habari za miaka yake ya baada ya kifungo husimuliwa kidogo, nazo ndizo tunazotaka kuzieleza zaidi.

Hauge alizaliwa tarehe 3 Aprili 1771 katika shamba lililoitwa Hauge, huko Rolvsøy, upande wa kusini-mashariki wa Norwei. Baba yake alikuwa mkulima, na mtoto naye akajifunza kulima pamoja na kazi nyingi za mikono. Tarehe 5 Aprili 1796, alipokuwa shambani akifanya kazi na kuimba, moyo wake ulijazwa furaha ya Mungu kupita kiasi, na tangu siku ile alijua ya kuwa ameitwa awaonye wenzake watubu. Basi akaanza kuzunguka nchi kwa miguu, kusini hata kaskazini ya mbali, akihubiri nyumbani mwa wakulima. Njiani alikuwa akifuma soksi huku akitembea, asipoteze wakati. Aliandika vitabu vingi, vikasomwa na watu wengi ambao kabla yake hawakuwa na kitabu ila cha Sala na Katekisimo. Tena hakuwahimiza watu waache kazi zao; aliwatafutia kazi maskini, akafanya biashara katika mji wa Bergen, na huko Eiker rafiki zake wakajenga kiwanda cha karatasi.

Siku zile Norwei ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark, na ilikuwako sheria ya mwaka 1741 iliyokataza watu kukusanyika kwa ajili ya neno la Mungu pasipo ruhusa ya mchungaji wao. Hauge hakuwa mchungaji, alikuwa mtoto wa mkulima tu. Kwa hiyo alikamatwa mara nyingi, akafungwa siku chache au majuma machache, kisha akaachwa. Lakini mwaka 1804 askofu mmoja wa upande wa kusini alimshitaki kwa serikali huko Copenhagen. Wakubwa waliogopa nguvu za neno lake, tena walidhani anakusanya fedha za wafuasi katika hazina moja ya siri. Mwezi wa Oktoba mwaka ule alikamatwa Eiker, akapelekwa Christiania, mji uitwao leo Oslo. Alikuwa na umri wa miaka 33. Vitabu vyake vikaamriwa kukusanywa, na mali yake ikatwaliwa.

Kesi ilikwenda polepole mno. Katika nchi nzima mamia ya mashahidi waliulizwa, na maneno yao yakaandikwa, na huku mfungwa akingoja. Mwanzoni alikatazwa kuonana na wenzake, wala hakupewa vitabu alivyovipenda. Mtu aliyezoea kutembea siku kutwa chini ya mbingu akakaa katika chumba kidogo chenye hewa mbaya. Ugonjwa wa kiseyeye ukamshika, na afya yake ikavunjika. Roho yake nayo iliumia: yeye aliyeishi katika ushirika wa ndugu aliona akili zake zikififia na moyo wake ukikauka kwa kukosa mtu wa kusema naye mambo ya Mungu.

Mwaka 1809 lilitokea jambo la ajabu. Kulikuwa na vita na Waingereza, merikebu zao zikazuia njia za bahari, na chumvi ikakosekana. Bila chumvi ilikuwa vigumu kwa watu wa Norwei wa siku zile kuweka akiba ya samaki na nyama. Wakubwa wakakumbuka ya kuwa mfungwa wao anajua kazi. Wakamtoa, akaenda pwani, akaanzisha mahali pa kupikia chumvi kwa maji ya bahari. Alipokwisha kuwasaidia watu, akarudishwa kifungoni. Wasomaji wetu wafikiri jinsi ilivyo kwa mtu kuonja upepo wa bahari miezi michache, na baadaye kusikia mlango ukifungwa tena nyuma yake.

Hata mwaka 1811 akaachwa atoke. Alikuwa na miaka 40 tu, lakini mwili wake ulikuwa kama wa mzee. Tena kutoka kwake hakukuwa kufunguliwa kweli, maana hukumu ilikuwa bado kutolewa. Miaka mingine miwili ikapita kabla mahakama haijasema neno, na mwezi wa Desemba 1813 ikasema ya kuwa atumikie kazi ngumu ngomeni miaka miwili. Akakata rufani. Mwaka 1814 wajumbe wa Norwei walikutana Eidsvoll kuandika katiba ya nchi yao, na miongoni mwao walikuwamo wakulima watatu waliokuwa wafuasi wa Hauge. Lakini yeye mwenyewe alikuwa bado anangoja. Mwisho wa mwaka ule mahakama ya juu ikaiondoa ile kazi ngumu, ikamtoza faini ya riksdaler 1,000 pamoja na gharama za kesi. Tangu kukamatwa hata neno la mwisho ilikuwa miaka kumi. Mtu anayeishi hivi, akijua ya kuwa kesho anaweza kuitwa tena, hawezi kulala kama watu wengine, hata akilala kitandani pake mwenyewe.

Basi alifanya nini? Hakujaribu kuwa tena yule kijana wa mwaka 1796. Safari zake kuu za kuhubiri zilikwisha, kwa kuwa miguu na kifua havikuweza. Kwa msaada wa rafiki alipata shamba liitwalo Bakkehaugen, karibu na Christiania, akarudia kazi aliyoijua tangu utoto, yaani kulima. Mwezi wa Januari 1815 akamwoa Andrea Nyhus. Mwaka huohuo walipata mtoto mwanamume, Andreas. Lakini mama akafa mwezi wa Desemba, na Hauge akaachwa na kitoto kichanga. Mwaka 1817 akamwoa Ingeborg Marie Olsdatter, wakahamia shamba la Bredtvet. Watoto waliozaliwa huko walikufa wakiwa wadogo. Hivyo msiba haukumwacha kwa sababu alikwisha teswa kifungoni. Hili tulitie moyoni, maana wako wanaodhani ya kuwa mtu aliyeumia sana amekwisha kulipa deni lake la huzuni.

Hata hivyo nyumba ya Bredtvet ilikuwa na mlango wazi. Wakulima walitoka mbali kuja kumwona, wakapewa chakula na shauri. Asiyeweza kuja alipelekewa barua. Hata wachungaji na maaskofu walifika wakaketi mezani pake, ingawa ni watu wa daraja yao waliomshitaki zamani. Yeye aliwapokea. Mwaka 1821 aliandika wasia kwa rafiki zake, akawasihi wasijitenge na kanisa lao. Angalieni neno hili: kanisa ambalo askofu wake alimpeleka kifungoni, ndilo alilowaambia wakae ndani yake. Kama chuki ingalimtawala, lilikuwa jambo rahisi kwake kuwatoa maelfu ya watu, maana walimsikiliza.

Hatusemi ya kuwa alipona. Maumivu ya mwili hayakumwacha, akafa Bredtvet tarehe 29 Machi 1824, asijatimiza miaka 53. Sheria iliyomfunga ikafutwa mwaka 1842, miaka 18 baada ya kufa kwake. Mwaka uleule wafuasi wake, pamoja na Wakristo wengine, walianzisha huko Stavanger chama cha misioni kilichotuma watu kwa Wazulu, na baadaye Madagaska. Mtoto wake Andreas akawa mchungaji. Yeye mwenyewe hakuyaona hayo.

Sisi tunajifunza nini? Kwanza, mtu hutoka kifungoni kwa siku moja, lakini kifungo hutoka ndani yake polepole, na pengine sehemu yake haitoki kamwe. Asilaumiwe kwa hiyo; hata mtu wa imani kubwa kama Hauge alikuwa hivyo. Pili, aliyerudi asidaiwe kazi aliyoifanya zamani. Apewe ile anayoiweza sasa, hata ikiwa ndogo, maana barua chache kutoka Bredtvet zilikuwa na faida kama safari nyingi. Tatu, rafiki wa Hauge hawakumpa maneno ya faraja peke yake. Walimpatia shamba, wakamtembelea mwaka hata mwaka.

Enyi walimu na wazee wa sharika, mnajua nyumba ambamo mtu wa namna hii anakaa. Msingoje aje kwenu. Nendeni, mketi naye bila kumwuliza sana habari za huko alikotoka. Kama anataka kusema, atasema. Mkiona ana jembe lakini hana shamba, mtafutieni shamba. Na mwezi ujao mwendeeni tena.