Vittorio Erspamer, Mtaliano aliyefukua siri ya tumbo na ya pweza

Sisi watu wa pwani tukisikia pweza, akili inakwenda kwenye mchuzi wa nazi. Vittorio Erspamer yeye alimtaka kwa tezi zake za mate.

Alizaliwa 1909 kijijini Malosco, milimani, ambako leo ni kaskazini ya Italia. Akasomea udaktari Chuo Kikuu cha Pavia, akamaliza 1935. Swali lake lilikuwa moja: zile seli fulani za tumbo na utumbo zinatengeneza nini?

Kulijibu si mchezo. Kinachotafutwa ni kidogo mno, tena kimezama ndani ya protini. Basi alichukua utando wa ndani wa tumbo la sungura, akautia kwenye asetoni. Protini zikaganda zikabaki chini, kile kidogo kikatoka na majimaji, yakachujwa. Mchujo ule ulipogusishwa msuli wa kizazi cha panya, msuli ukajikaza.

Wenzake wakasema, ah, hiyo adrenalini tu. Lakini adrenalini huulegeza msuli ule, haiukazi. Akarudia vipimo mpaka ikadhihirika ni kitu kingine, na 1937 akakiita enteramini.

Mwaka 1948, Wamarekani wa Cleveland wakatoa kitu kwenye damu ya ng'ombe, wakakiita serotonini. 1952 Erspamer na mwenzake Asero wakathibitisha kuwa ni kitu kilekile. Jina lililoshika ni la Wamarekani.

Wakati huo yeye yuko Bari, mji wa bandari, na pweza. Humo kwenye tezi za mate alikuta amini nyingine, akaiita oktopamini. Mwaka 1951 akazitenganisha kwa kromatografia ya karatasi: tone la mchujo linawekwa kwenye karatasi, kiowevu kinapanda taratibu, na kila amini inasimama mahali pake. Ikipuliziwa dawa ya rangi, madoa yanajitokeza: enteramini, oktopamini, tiramini, histamini, kila moja na lake.

Alifariki Roma 1999, bila ya Nobel ingawa alipendekezwa. Lakini leo dawa nyingi wanazopewa wagonjwa wa sonona zinafanya kazi kupitia serotonini, na sehemu kubwa ya serotonini mwilini imo utumbo ni, palepale alipoanza kutafuta kijana yule wa Pavia.