Louis wa Ufaransa, Mfalme Mwenye Kukata Maneno

Louis alizaliwa kule Poissy, karibu na mji wa Paris, mwaka 1214. Baba yake alikufa mwaka 1226, naye mtoto akawekwa kuwa mfalme, hali ana miaka 12 tu. Mama yake, Blanche wa Castilla, akamshikia nchi hata akomae. Mabwana wakubwa walipoona kwamba mfalme ni mtoto, na mwenye kutawala ni mwanamke, tena mgeni, wakaasi. Mama hakuogopa. Wengine aliwashinda kwa vita, wengine kwa werevu.

Ili tufahamu kazi ya Louis, yafaa tujue kwanza namna Wafaransa walivyokata maneno siku zile. Nchi haikuwa na sheria moja. Kila bwana mkubwa alikuwa na baraza lake, na gereza lake, na mti wake wa kunyongea watu. Kama watu wawili walishitakiana na ukweli haukuonekana, mara nyingi waliamriwa kupigana kwa silaha. Mwenye kushinda ndiye aliyehesabiwa kuwa na haki, maana watu walifikiri kwamba Mungu hawezi kumwacha mwongo ashinde. Zamani kidogo wengine walishikishwa chuma cha moto, na mkono ukafungwa kitambaa. Siku zikipita walitazama kidonda: kikioza, mtu ana kosa. Wazee wetu waliosikia habari za mwavi watafahamu upesi. Ulaya nako kulikuwa na mwavi wake.

Mwaka 1215 Papa Innocent wa tatu na maaskofu, katika mtaguso wa Laterano, waliwakataza mapadri wasibariki tena chuma wala maji ya majaribu hayo. Lakini mapigano yaliendelea, kwa kuwa mabwana wenye nguvu waliyapenda. Karibu na mwaka 1260 Louis akayakataza katika nchi zilizokuwa chini yake mwenyewe. Akaamuru mashahidi waapishwe, waulizwe, na maneno yao yaandikwe. Watoto, msifikiri lilikuwa jambo dogo. Mjane atapigana namna gani na askari mwenye ngao na upanga?

Sheria hiyo ilijaribiwa katika maneno ya bwana mmoja mkubwa, jina lake Enguerrand wa Coucy. Vijana watatu kutoka Flandria walikaa katika monasteri karibu na msitu wake, wakijifunza Kifaransa. Siku moja walitoka na pinde zao kuwinda, wakaingia katika msitu wa Enguerrand pasipo kujua. Walinzi wakawakamata. Enguerrand hakuuliza lolote, hakuita baraza. Akawanyonga wote watatu.

Mkuu wa monasteri na ndugu za vijana wakapeleka mashitaka kwa mfalme. Ilikuwa mwaka 1259. Louis akamtia Enguerrand kifungoni katika mnara wa Louvre, naye alikuwa mtu wa ukoo mkubwa sana. Mabwana wengi wakaja kumsimamia, maana walikuwa jamaa zake. Enguerrand akataka kujitetea kwa mapigano, kama desturi. Mfalme akakataa. Alijibu kwamba katika maneno ya wanyonge na ya watu wa Eklezia hakuna mapigano, kwa sababu ni vigumu kwao kupata mtu wa kuwapigania mbele ya wakubwa. Mfalme alitaka kumwua. Mwisho, kwa maombi ya mabwana wote, alimwacha hai, lakini akamtoza fedha nyingi mno, akamnyang'anya ule msitu na uwezo wa kuhukumu watu wa misitu yake, tena akamwamuru kujenga makanisa madogo ya kuwaombea marehemu. Bwana mmoja akasema kwa mzaha kwamba kama angekuwa mfalme angewanyonga mabwana wote, maana mwanzo umekwisha kufanywa. Mfalme akapata habari, akamwita, akamwambia kwamba hawanyongi mabwana wake, ila atawaadhibu wakikosa.

Hata ndugu yake mwenyewe hakupendelewa. Charles, mdogo wake, alishindana na askari mmoja wa cheo juu ya ngome. Askari alipotaka kwenda mbele ya mfalme, Charles akamfunga. Louis akaamuru afunguliwe. Na kwa kuwa hakuna mwenye kujua sheria aliyethubutu kumsemea askari yule, mfalme mwenyewe akampa watetezi. Askari akashinda.

Sasa liko jambo ambalo wengi hulishangaa. Maaskofu wa Ufaransa walimwendea mfalme pamoja. Walilalamika kwamba watu waliotengwa na Eklezia hawajali tena, wanakaa mwaka mzima pasipo kutubu. Wakaomba maofisa wa mfalme wawanyang'anye watu hao mali yao, hata wajipatanishe na Eklezia. Louis alikuwa mtu wa kusali kuliko mapadri wengi, akisikia misa kila siku. Wote walidhani atakubali. Akajibu kwamba atafanya hivyo kwa furaha, lakini lazima kwanza aonyeshwe kama hukumu ilikuwa ya haki. Maaskofu wakakataa: mfalme hawezi kupima hukumu ya Eklezia. Basi naye akakataa. Akawakumbusha mkubwa wa Bretagne, aliyetengwa miaka saba na maaskofu wake, na mwisho Roma yenyewe ikamfungua. Kama angemlazimisha mwaka wa kwanza, mfalme angalimkosea Mungu na mtu pia. Maaskofu wakarudi kwao. Habari haikusemwa tena.

Alijua pia kwamba maofisa wake waliwaonea watu. Mwaka 1247 alituma wachunguzi, wengi wao watawa wa Mtakatifu Fransisko na wa Mtakatifu Dominiko, wasikilize mashitaka ya watu wadogo, na waliodhulumiwa warudishiwe mali. Mwaka 1254, aliporudi kutoka vita vya ng'ambo, alitoa sheria: ofisa aape mbele ya watu, asipokee zawadi, asinunue mashamba katika nchi anayoitawala, na kazi yake ikiisha asiondoke upesi, angoje kwanza wenye kumshitaki.

Yako pia mambo yasiyopendeza. Vitabu vya Wayahudi vilichomwa moto Paris mwaka 1242, navyo vilijaa magari mengi, na mwaka 1269 mfalme aliwalazimisha kushona alama katika nguo zao. Hao hawakupata haki ile aliyowapa wengine. Na mwenye kumtukana Mungu alichomwa midomo kwa chuma cha moto, hata mwaka 1268 Papa Clement wa nne akamsihi apunguze ukali, asiharibu miili ya watu.

Mwaka 1270 Louis alivuka bahari mara ya pili kupigana na Waislamu. Rafiki yake Joinville alikataa kumfuata: safari ya kwanza, alipokuwa mbali, maofisa waliwaharibu watu wake, naye hakutaka kuwaacha tena. Jeshi likafika Tunis wakati wa joto kali, ugonjwa ukaingia kambini. Mwana wa mfalme, Jean Tristan, alikufa. Mfalme akafa nyuma yake, tarehe 25 Agosti.

Kabla ya kumtangaza mtakatifu, Eklezia ilifanya uchunguzi kule Saint-Denis katika miaka ya 1282 na 1283. Mashahidi zaidi ya 300 waliapishwa, wakaulizwa, na maneno yao yakaandikwa. Joinville, aliyekataa kwenda Tunis, alikuwa mmoja wao; walimwuliza kwa siku mbili. Papa Boniface wa nane akatoa hukumu mwaka 1297.