Mahmud al-Kashgari na Neno "Mimi"

Wale wenzangu wa isimu wanaosema viwakilishi nafsi ni mada ya kukariri tu ili upite mtihani, hebu tumtazame Mahmud al-Kashgari.

Mzee huyu aliishi karne ya 11. Baba yake alitokea Barsgan, karibu na ziwa Issyk-Kul, na ukoo wao ulikuwa na udugu na watawala wa Karakhani wa Asia ya Kati. Alizunguka mijini na malishoni akisikiliza Waturuki wa makabila mbalimbali wanavyosema. Kisha akafika Baghdad, ambako wakati huo Waturuki wa Seljuki ndio walioshika nguvu. Huko, miaka ya 1070, akawaandikia Waarabu kamusi kubwa ya Kituruki, Diwan Lughat al-Turk, akamtunukia khalifa al-Muqtadi.

Humo hakudharau neno dogo. Alieleza kwamba "sen", yaani wewe, huambiwa mtoto au mtumishi, ila mtu wa heshima huambiwa "siz", ambalo pia ni ninyi. Akaandika kwamba Waturuki wa kwao husema "men" kwa maana ya mimi, lakini Waoghuz na Wakipchak husema "ben". Kwake yeye m ndiyo ya asili, hao wengine wameigeuza.

Hapo mzee aliteleza. Maandishi ya kwenye mawe ya karne ya 8, kule Mongolia, yana "ben". Wataalamu wa leo wanaona b ndiyo kongwe: iligeuka m kwa kuvutwa na n ya mwishoni, ambayo ni sauti ya puani. Ndiyo maana "biz", yaani sisi, lisilo na n, limebaki na b Istanbul mpaka Almaty.

Lakini sasa, tunamsahihisha kwa kutumia nini? Pamoja na mengine, data yake mwenyewe! Lahaja aliyoiona fasaha kuliko zote ilikuwa ile ya watawala wa kwao, na bado aliandika za wengine. Na kazi yote hiyo ilibaki katika nakala moja tu, iliyonakiliwa mwaka 1266 na kuibuka Istanbul mwanzoni mwa karne ya 20.

Basi ukienda fildi kukusanya data, usimsahihishe bibi anayekusimulia. Andika alivyosema. Maelezo yako yanaweza kukosewa, wengine watayarekebisha. Neno ambalo hukuliandika, nani atalirudisha?