Vivien Thomas: Seremala aliyewaonyesha madaktari njia ya kutibu mioyo ya watoto

MZAZI anayempeleka mwanawe mwenye kasoro ya moyo katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, mjini Eldoret, hukabiliwa na swali zito: je, mtoto atapasuliwa kifua, au atatibiwa kwa kifaa kinachopitishwa ndani ya mshipa wa paja?

Historia ya swali hilo haikamiliki bila kumtaja Vivien Thomas, Mmarekani mweusi ambaye hakuwahi kusomea udaktari.

Thomas alizaliwa mwaka 1910 katika jimbo la Louisiana na kulelewa mjini Nashville, ambako alijifunza useremala kutoka kwa babake. Alikuwa akiweka akiba ili ajiunge na chuo, lakini benki ilipoporomoka mwaka 1930, akiba hiyo na ndoto yake vilitoweka pamoja.

Mwaka huohuo aliajiriwa katika maabara ya daktari Alfred Blalock, Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Ingawa alifanya kazi ya mtafiti, aliorodheshwa na kulipwa kama mfagizi.

Mnamo 1941 wawili hao walihamia Johns Hopkins, mjini Baltimore. Huko daktari Helen Taussig aliwaeleza masaibu ya watoto waliozaliwa na kasoro iliyozuia damu kufika vyema mapafuni, hata midomo na kucha zao zikageuka samawati. Wengi walifariki wangali wachanga.

Thomas ndiye aliyetafuta dawa. Kwa muda wa miaka miwili hivi aliwafanyia mbwa majaribio, akiunganisha mshipa wa damu uendao mkononi na ule wa mapafu, na akabuni baadhi ya zana za kazi hiyo.

Novemba 29, 1944, Blalock alimpasua mtoto wa kike wa miezi 15. Thomas alisimama juu ya kibago nyuma yake, akimwelekeza hatua kwa hatua. Mtoto huyo alipata nafuu, ingawa aliishi miezi michache tu. Waliomfuata walipona kwa wingi, na sifa za Blalock na Taussig zikaenea duniani. Jina la Thomas halikutajwa. Ili kukimu jamaa yake, nyakati nyingine aliwahudumia wageni kwa vinywaji katika karamu za Blalock.

Mwaka 1946 alibuni upasuaji mwingine, wa kutoboa ukuta kati ya vyumba vya juu vya moyo, kwa watoto ambao mishipa yao mikuu imebadilishana nafasi. Miaka 20 baadaye, daktari William Rashkind wa Philadelphia alipata tundu kama hilo bila kupasua kifua, kwa kupitisha puto dogo ndani ya mshipa. Mwaka 1967 daktari Werner Porstmann wa Ujerumani naye aliziba kwa njia ya mshipa mfereji wa damu ambao hupaswa kujifunga mtoto azaliwapo.

Tangu hapo vifaa vimechukua nafasi ya kisu katika kasoro kadhaa. Mgonjwa hupona upesi na habaki na kovu kifuani, ingawa kifaa chaweza kuchomoka na kulazimu upasuaji. Lakini tundu lisilo na kingo za kushikilia kifaa, au kasoro kadhaa zilizokutana katika moyo mmoja, bado huhitaji mkono wa mpasuaji. Hivyo aina ya kasoro, pamoja na umri na uzito wa mtoto, ndiyo huamua njia.

Heshima ilimfikia Thomas kwa kuchelewa. Mwaka 1971 picha yake ilizinduliwa ili itundikwe Johns Hopkins, na 1976 chuo hicho kikamtunuku shahada ya heshima, ya sheria wala si ya udaktari.

Alifariki Novemba 26, 1985, akiwa na umri wa miaka 75. Upasuaji wa 1944 ulijulikana kwa miongo mingi kwa majina ya Blalock na Taussig pekee. Leo madaktari wengi huliweka jina la seremala huyo katikati yao.