Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyefichua saratani ya watoto

MTOTO wa miaka mitano alipofikishwa mbele ya daktari Denis Burkitt katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mnamo 1957, taya zake zilikuwa zimevimba pande zote. Kisu cha mpasuaji hakingemsaidia.

Muda mfupi baadaye Burkitt aliona mtoto mwingine mwenye uvimbe kama huo mjini Jinja. Akaanza kujiuliza maswali.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, Februari 28, 1911. Alipoteza jicho moja kwenye ajali akiwa na miaka 11. Aliacha uhandisi akasomea udaktari jijini Dublin, kisha akahudumu Kenya kama daktari wa jeshi wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Ami yake, Roland Burkitt, alikuwa amevuma kama mpasuaji mjini Nairobi.

Alihamia Uganda mwaka wa 1946. Mnamo 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu yapata kilomita 16,000, wakiulizia maradhi hayo hospitali baada ya hospitali. Waligundua kuwa yalishamiri penye joto na mvua nyingi, kama malaria. Mwaka wa 1964 wanasayansi jijini London walipata virusi ndani ya chembechembe za uvimbe aliowapelekea.

Burkitt pia aliwatibu watoto kwa dawa. Jambo la kushangaza ni kwamba wengine walipona baada ya dozi chache tu. Mnamo 1967, yeye na mpasuaji Mganda, Sebastian Kyalwazi, walichapisha taarifa kuhusu saratani hiyo kunywea yenyewe. Ilikuwa ishara kwamba kinga ya mwili yaweza kupambana na saratani.

Hata hivyo, bahati hiyo ni nadra mno, na mzazi asiitegemee. Uvimbe huu hukua kwa kasi ya kutisha na huua usipotibiwa.

Burkitt alifariki Machi 23, 1993, nchini Uingereza. Saratani inayoitwa kwa jina lake ingali inawapata watoto wa Kenya, hasa kandokando ya Ziwa Victoria na Pwani. Wengi wao wanaweza kupona wakifikishwa hospitalini mapema. Basi, taya la mtoto likivimba, usingoje lipungue lenyewe.