Hans Meyer: Mjerumani aliyechonga ngazi katika barafu ya Kibo

MAELFU ya watu wanaoukwea Mlima Kilimanjaro kila mwaka hutajiwa jina la Hans Meyer, na wengi wao hushuka wakijua tarehe moja tu ya maisha yake, Oktoba 6, 1889. Ni tarehe kubwa, lakini ilitanguliwa na kushindwa mara mbili, na mojawapo nusura imgharimu uhai.

Meyer alizaliwa Machi 22, 1858, katika mji mdogo wa Hildburghausen nchini Ujerumani, katika ukoo wa wachapaji. Babu yake, Joseph Meyer, ndiye mwanzilishi wa kampuni ya Bibliographisches Institut, iliyotoa kamusi elezo mashuhuri yenye jina la familia hiyo. Fedha za vitabu zilimwezesha mjukuu kuzunguka Asia na Amerika angali kijana, na baadaye kugharimia misafara ya Afrika.

Safari ya kwanza ya Kilimanjaro ilikuwa mwaka 1887. Alipanda Kibo hadi ukuta wa barafu ukamzuia, naye hakuwa na vifaa wala mwenzake aliyezoea kazi ya barafu. Mwaka uliofuata alirudi pamoja na Oscar Baumann wa Austria, wakaingia Usambara wakati pwani nzima ikiwaka moto wa vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani. Walikamatwa, wakatiwa minyororo, na hawakuachiwa mpaka kilipolipwa kikomboleo cha rupia 10,000. Mtu mwingine angeukatia tamaa mlima huo. Meyer alirudi nyumbani kutafuta mwenza.

Alimpata Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo mjini Salzburg, ambaye alikuwa amekwishapanda vilele vingi vya Alps, mara nyingi bila kiongozi wa kulipwa. Katika barafu, watu wawili waliofungwa kamba moja hawana budi kuaminiana, kwa kuwa mmoja akiteleza uhai wake umo mikononi mwa mwenzake. Urafiki wa Meyer na Purtscheller ulikuwa wa namna hiyo.

Hata hivyo, kamba hiyo isingefika juu peke yake. Meyer alikuwa amejifunza kwamba mlima huo huwashinda watu kwa njaa kabla ya kuwashinda kwa urefu. Aliweka kambi kuu Marangu kwa Mangi Mareale, nyingine juu ya msitu, na ya tatu katika uwanda wa baridi kati ya Kibo na Mawenzi, huku wapagazi wakipandisha chakula na kushuka kila baada ya siku chache. Utaratibu wa msafara, wenye kiongozi, askari na mizigo ya kichwani, ulikuwa umekomazwa kwa miongo mingi na Wanyamwezi na watu wa pwani katika njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Meyer aliuchukua utaratibu huo akausimamisha wima. Katika kambi ya juu alibaki nao Mwini Amani wa Pangani, mtu wa pwani ya joto, aliyelinda hema na kupika kwenye baridi ya kugandisha maji.

Oktoba 3 wawili hao walichonga ngazi kwa shoka, hatua moja baada ya nyingine, wakafika ukingo wa kreta. Wakaona kilele kingali mbali na nguvu zimewaishia. Wakashuka. Siku tatu baadaye walirudi kwa ngazi zilezile, na asubuhi ya Oktoba 6, siku ambayo Purtscheller alitimiza miaka 40, walisimama mahali pa juu kuliko pote Afrika. Meyer alipaita Kilele cha Kaiser Wilhelm, akachukua jiwe la pale, na kipande chake kikawekwa ukutani katika kasri la mfalme huyo mjini Potsdam. Wachagga, waliokuwa na majina yao kwa kila bonde la mlima huo, hawakuulizwa. Miaka 100 baadaye, mwaka 1989, mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alienziwa kuwa mmoja wa walioongoza msafara ule.

Walishuka kwa miguu, kwa kuwa mchezo wa kuteleza thelujini kwa mbao ndefu zilizofungwa chini ya viatu ulikuwa bado haujaenea Alps. Ulienea katika miaka iliyofuata, na vijana wa Ulaya wakazoea kwenda milimani na rafiki zao kuingojea theluji mpya, ile iliyo laini kama unga. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na mwenzake Siegfried König walizipandisha mbao hizo Kibo, wakateleza juu ya theluji ya Afrika. Pale Meyer alipotoka jasho, wao walicheza, ingawa nao walilazimika kupanda kwanza.

Meyer alikuwa hai kuyasikia hayo. Tayari mwaka 1898, alipokuja tena na mchoraji Ernst Platz, alikuwa ameona kwamba barafu imerudi nyuma. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikadiriwa kuwa kilomita za mraba 12 hivi; kufikia 2011 zilikuwa hazitimii mbili. Barafu inayoitwa kwa jina la Furtwängler ilipungua kutoka mita za mraba 113,000 mwaka 1976 hadi 60,000 mwaka 2000.

Purtscheller alifariki mwaka 1900, baada ya ajali katika mlima Aiguille du Dru nchini Ufaransa. Meyer alikwenda Ecuador kuchunguza barafu za Andes, na mwaka 1911 akapita nchi za maziwa makuu. Kitabu chake juu ya Warundi kilitoka mwaka 1916, mwaka uleule ambao majeshi ya Ubelgiji yaliitwaa Burundi na kuingia Tabora mwezi Septemba. Profesa huyo wa jiografia ya makoloni katika Chuo Kikuu cha Leipzig aliendelea kufundisha somo ambalo nchi yake haikuwa nalo tena. Alifariki Leipzig Julai 5, 1929.

Jina la Kaiser halikudumu. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya Tanganyika pale juu, na kilele kikaitwa Uhuru. Jina la Meyer limebaki Mawenzi, katika ncha yenye mita 5,149, ambayo yeye na Purtscheller waliijaribu mara tatu bila kuifikia.