Kirilo Japhet: Kutoka Meru hadi New York
Sisi wa Sombetini tunauona Mlima Meru kila siku, ila wengi hatumjui Kirilo Japhet. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kama 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe pale. Nyumba zikachomwa. Wananchi wakachanga nauli, na mwaka 1952 Kirilo akapeleka shauri lao Umoja wa Mataifa, New York. Nyerere alifika huko mwaka 1955. Kwenye Baraza Kuu kura hazikutosha, Kirilo akarudi bila ardhi. Lakini hakunyamaza. Alizunguka akieleza yaliyotokea, na watu wakaelewa kwamba bila uhuru hata shamba lako si lako. Msomi mwenzangu, usidharau mkutano wa kijiji.